Binti ameshinda mbio za mkoa na shule imemtunuku kombe. Sasa tumlinde vipi?

Swali: Mimi ni mama, naishi Mbagala. Binti yangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Mwaka huu ameshinda mita 1500 na 3000 kwenye UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa, na kwenye mbio za nyika za shule hakuna aliyemkaribia. Shule ikamtunuku kombe na cheti mbele ya wazazi. Tangu siku hiyo nyumbani hakuna utulivu. Kiongozi wa klabu moja ya jogingi anataka akimbie nusu marathoni mwezi ujao kwa sababu kuna zawadi ya fedha. Mtu mwingine anasema wanafunzi wa sekondari Marekani wakitunukiwa hivi huchukuliwa na vyuo, na kwamba tukimpa milioni moja na nusu atamtafutia skolashipu. Baba yake anasema aache mbio asome. Halafu kuna hili linalonichanganya: kwenye uwanja wa shule alikimbia 1500 kwa dakika 4 na sekunde 38, lakini mkoani, alikoshinda, ametumia dakika 5 na sekunde 4. Ameshuka? Nifanye nini?

Jibu:

Hongera sana, dada yangu. Mpe na binti hongera zangu, na mwalimu wake wa michezo usimsahau, maana mtoto hafiki ngazi ya mkoa hivi hivi. Nimefundisha riadha kwa wanafunzi wa sekondari hapa Dar kwa muda mrefu, na kila msimu wa UMISSETA ukiisha napata maswali kama lako. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu miaka miwili mitatu baada ya kombe la kwanza ndiyo tunayowapoteza wasichana wengi, na wengi tunawapoteza kwa haraka zetu sisi watu wazima.

Nianze na muda, kwa kuwa ndilo jambo dogo na linaweza kumvunja moyo bure. Hajashuka. Uwanja rasmi wa riadha una mita 400 kwa mzunguko mmoja, na mita 1500 ni mizunguko mitatu na robo tatu. Viwanja vingi vya shule zetu vimechorwa kwa chokaa au majivu kuuzunguka uwanja wa mpira, na mzunguko wake huwa mfupi kuliko huo. Mwalimu akihesabu mizunguko ile ile mitatu na robo tatu kwenye uwanja wa mita 366, mtoto amekimbia mita 1372 tu. Sasa chukua kasi yake ya mkoani, ile ya dakika 5 na sekunde 4, uihesabu kwa mita 1372: unapata dakika 4 na sekunde 38. Ni ile ile. Uwanja wenu sijaupima, ila hesabu ikikubaliana namna hiyo, jambo la kwanza ninalolitilia shaka ni uwanja. Mwombe mwalimu atafute tepu ya mita 50, aizungushe nje kidogo ya mstari wa ndani, sentimita 20 kutoka kwenye chokaa, maana hapo ndipo mkimbiaji anapopita, na kwenye kona aende polepole bila kuzikata. Ni kazi ya nusu saa, na itawafaa wanafunzi wote wanaokuja nyuma yake. Kama uwanja ni mfupi, aweke alama mpya ya kuanzia.

Na mwambie binti mwenyewe, kwa utulivu, kwamba muda wake ni 5:04. Nimeona watoto wanaoishi na muda wa uongo wa uwanja wa shule, wakifika kwenye mashindano makubwa wanadhani wameharibikiwa, kumbe wamekimbia vizuri kuliko siku zote. Dakika 5 na sekunde 4 kwa msichana wa miaka 16 anayetegemea mazoezi ya shule ni mwanzo mzuri sana.

Sasa nusu marathoni. Jibu langu ni hapana, na ningependa umwambie kiongozi huyo kwa heshima, kwa sababu klabu za jogingi zimefanya kazi kubwa katika jiji hili. Zimewatoa watu vitandani alfajiri, zimewafanya akina mama wa Temeke na Kinondoni wakimbie barabarani bila kuchekwa. Lakini klabu hizo ni za watu wazima wanaotafuta afya. Mtoto aliyezoea mita 3000, ukimpeleka kilomita 21 umemwongezea umbali mara saba, juu ya lami, na mifupa yake bado haijakomaa. Kwenye mashindano ya dunia ya vijana chini ya miaka 18, yalipokuwa yakifanyika, mbio ndefu kuliko zote kwa wasichana zilikuwa mita 3000. Na marathoni yenyewe, kanuni za mashindano makubwa ya riadha duniani hazimruhusu aliye chini ya miaka 20. Waliopanga hivyo hawakuwa wanawanyima watoto riziki.

Kuna sababu nyingine ambayo husemwa kwa nadra. Kasi hujengwa mapema. Pumzi ya masafa marefu unaweza kuijenga hata ukiwa na miaka 25, lakini ule mguu mwepesi wa mita 800 na 1500 ukiuacha ulale ujanani, kuuamsha baadaye ni kazi ngumu. Na hata marathoni inaamuliwa na mguu huo. Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu aliipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza kabisa katika mashindano ya dunia ya riadha. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48, na picha ya mstarini ndiyo iliyoonyesha kwamba Simbu ametangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde moja. Baada ya kilomita 42 na mita 195! Rudi nyuma uone Juma Ikangaa pale Boston mwaka 1988: alishindwa kwa sekunde moja tu na Ibrahim Hussein wa Kenya. Wote wawili ni wanaume wa marathoni, na kwa wote wawili jibu lilitoka kwenye mita za mwisho. Tena angalia umri. Simbu alipata shaba ya dunia London mwaka 2017 akiwa na miaka 25, na dhahabu hii akiwa na 33. Magdalena Shauri, dada yetu aliyeshika nafasi ya tatu Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:18:41, alikuwa ameshapita miaka 25. Barabara zitamsubiri binti yako, dada.

Kama unataka mfano wa msichana wa umri wake, tazama hapo jirani. Faith Kipyegon wa Kenya alikuwa na miaka 17 mwaka 2011 aliposhinda mbio za nyika za dunia za vijana akiwa peku, na mwaka huo huo akashinda mita 1500 kwenye mashindano ya dunia ya chini ya miaka 18. Nyika na 1500, mbio hizo hizo anazokimbia binti yako. Rekodi yake ya kwanza ya dunia ya 1500 aliiweka mwaka 2023, miaka kumi na miwili baadaye. Na sisi wenyewe tuna Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya 1500, 3:32.2, kule Christchurch mwaka 1974 akiwa na miaka 20, akikimbia mbele tangu mlio wa bastola. Huyo naye hakulelewa na barabara ndefu za lami.

Hata hivyo fedha si neno la kudharau, na ninajua nyumba nyingi ambazo zawadi ya mbio moja ingelipa mahitaji ya shule ya muhula mzima. Kwa hiyo nisikuachie katazo tupu. Kwenye matukio hayo hayo ya barabarani mara nyingi kuna kilomita 5. Hiyo akimbie, mara moja au mbili kwa mwaka, wakati ambao hana mashindano ya shule karibu, na akimbie kwa furaha. Mwambie kiongozi wa klabu kwamba kama anampenda kweli, amtafutie viatu vya spaiki, vyenye misumari chini, au amlipie nauli ya kwenda kufanya mazoezi kwenye uwanja wenye tartani, ule wa sakafu ya raba. Ukimwambia hivyo utajua haraka anachotaka ni nini.

Mbio za nyika hazipewi uzito hapa Dar, na hilo linanisikitisha. Ndizo mbio bora kwa umri wake: nyasi, mchanga, vilima vidogo, hakuna saa ya kumtisha, na mguu unajifunza kukanyaga kila aina ya ardhi. Kama shule yake huwa inaziendesha mara moja tu kwa mwaka, mwombe mwalimu apange nyingine na shule jirani. Hazihitaji hata kipande cha chokaa.

Nije kwenye mwili wake, na hapa nakuomba usome taratibu, maana mambo haya baba na kocha wa kiume mara nyingi hawayaulizi.

Hedhi yake ifuatilie. Msichana anayekimbia sana na kula kidogo anaweza kukosa siku zake miezi mitatu au zaidi, na watu wakasema ni kawaida ya wanamichezo. Si kawaida. Maana yake ni kwamba chakula kinachoingia hakitoshi kwa mazoezi na kwa mwili unaokua, na mfupa ndio unaoanza kulipa. Ikitokea, punguza mazoezi, ongeza sahani, na umpeleke kwa daktari. Na kamwe asije mtu akamwambia apunguze mwili ili awe mwepesi. Nimeona neno hilo moja, lililosemwa kwa utani pembeni ya uwanja, likimfanya mtoto aanze kuficha chakula chake.

Damu yake ipimwe. Wasichana wanaokimbia hupungukiwa madini ya chuma upesi, na dalili ya kwanza huwa ni muda wake kuongezeka bila sababu na miguu kuwa mizito kwenye mzunguko wa tatu. Kipimo cha wingi wa damu kinapatikana vituo vingi vya afya. Ukiweza, omba na kile cha akiba ya chuma. Nyumbani vya kumpa vipo na bei yake si ya kutisha: dagaa, maini, maharage, mchicha, na chungwa au embe pembeni, kwa kuwa matunda hayo husaidia chuma kuingia mwilini. Chai ndiyo inayotuponza. Chai ya rangi pamoja na chakula huzuia chuma kisifyonzwe, kwa hiyo mpe uji wakati wa kula na chai aisogeze mbele saa moja au zaidi. Na kama hajawahi kupimwa siko seli, apimwe sasa. Hata aliyerithi upande mmoja tu, ambaye hajawahi kuugua, anahitaji tahadhari zaidi na maji zaidi anapojitutumua kwenye joto, na kocha wake lazima ajue.

Tatu ni miguu. Akilalamika maumivu ya muundi, mkalishe kitandani, pitisha kidole gumba juu ya ukingo wa ndani wa mfupa, taratibu, kutoka chini ya goti hadi kwenye kifundo. Kama maumivu yametandaa sehemu ndefu na yanapungua akishapasha mwili moto, mpunguzie mbio wiki moja au mbili, akimbie kwenye nyasi, kisha uangalie. Lakini kama kuna sehemu moja ndogo, ya ukubwa wa sarafu, ambayo ukiigusa anaruka, au hawezi kurukaruka kwa mguu huo mmoja bila maumivu, aache kukimbia siku hiyo hiyo na aende hospitali. Ufa wa mfupa ukipumzishwa mapema hupona vizuri. Ukipigiwa dawa ya kuchua na kusukumwa hadi fainali, unaweza kumgharimu mwaka mzima.

Kuhusu mazoezi yenyewe nitakuwa mfupi, kwa sababu mwalimu wake yupo na sitaki kumwingilia. Siku tano kwa wiki zinatosha, na mbili za kupumzika kabisa. Siku moja mwendo mrefu wa polepole, kilomita 8 hivi, kasi ya kuweza kuongea na mwenzake. Siku moja mbio fupi za kasi, mita 200 mara nane, akitembea kurudi. Siku moja kilima. Zilizobaki, mbio nyepesi. Hapa Dar adui ni joto pamoja na unyevu, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, kwa hiyo saa 12 asubuhi au baada ya saa 11 jioni, na maji kabla hajasikia kiu. Kando ya Barabara ya Kilwa asikimbie, moshi na bodaboda vinatosha kukufanya ukose usingizi. Mkienda ufukweni, Kigamboni au kwingineko, nendeni maji yakiwa yamekupwa na mchanga umekaza, na akienda upande mmoja arudi kwa njia ile ile, kwa sababu ufuo umeinama na mguu mmoja ukikanyaga chini kuliko mwingine kwa kilomita tano, nyonga itasema. Asikimbie peke yake. Na kama anavaa hijabu na suruali, avae, kanuni hazimzuii. Sarah Attar wa Saudia alikimbia mita 800 za Olimpiki London 2012 akiwa amejifunika kichwa, na uwanja mzima ukamshangilia.

Sasa mtu wa skolashipu. Sehemu ya maneno yake ni kweli, na hiyo ndiyo inayofanya sehemu nyingine ipite.

Ni kweli kwamba Marekani wanafunzi wa sekondari wanaokimbia vizuri hutunukiwa, na vyuo huwatazama. Lakini elewa wanatunukiwa kwa lipi. Msimu wa nyika kule ni Septemba hadi Novemba, kwa kawaida kilomita 5. Timu ina wakimbiaji saba, nafasi za watano wa kwanza zinajumlishwa, na timu yenye jumla ndogo ndiyo mshindi. Msimu wa uwanjani unakuja wakati mwingine wa mwaka, na huko kwa kawaida hawakimbii 1500 wala 3000, wanakimbia 1600 na 3200. Ukisikia binti wa kule ametajwa kikosi bora cha jimbo, ujue nyuma yake kuna msimu wa matokeo yaliyopimwa kwa saa za umeme na kuwekwa wazi kila mtu ayaone. 5:04 ya binti yako ni kama 5:25 kwa mita 1600. Wanaotunukiwa ngazi ya jimbo huko mara nyingi wako chini ya dakika 5. Sikwambii hivi kumkatisha tamaa. Nakwambia ili ujue kwamba leo hakuna wakala anayeweza kumuuza, hata umpe milioni ngapi. Kwa maoni yangu, akipunguza muda wake wa 1500 hadi karibu 4:35 akiwa na miaka 18 au 19, makocha wa vyuo wataanza kujibu barua zake. Hiyo ni safari ya miaka miwili mitatu, na inawezekana.

Watanzania wamepita njia hiyo. Suleiman Nyambui alikwenda Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso, akashinda mita 10,000 za vyuo vikuu miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, na katikati ya hapo akaleta medali ya fedha ya mita 5000 kutoka Olimpiki ya Moscow 1980. Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola mwaka 1978, alisoma hapo hapo. Tofauti ni kwamba walikwenda wakiwa tayari wana majina.

Utaratibu wenyewe hauna siri. Kocha wa chuo anaandikiwa barua pepe moja kwa moja na mkimbiaji au mwalimu wake: matokeo yenye tarehe na uwanja, video ya mbio, na matokeo ya darasani. Masomo ni sharti la kwanza, maana bodi inayosimamia michezo ya vyuo hukagua alama za sekondari kabla mtu hajaruhusiwa kushindana. Skolashipu nyingi za riadha hugawanywa vipande, huyu robo huyu nusu, na kuna daraja zima la vyuo, la tatu, lisilotoa skolashipu ya michezo hata kidogo. Viza ya mwanafunzi haiombwi bila fomu inayotolewa na chuo baada ya kumkubali mtoto. Kwa hiyo anayetaka fedha kabla hata chuo hakijatajwa jina, anauza hewa. Masharti ya viza nayo hubadilika, kwa hiyo uliza ubalozini kabla ya kutumia hata senti moja. Milioni moja na nusu yako, dada, iache ilipo. Mnunulieni binti viatu na dagaa.

Jambo moja la kulisimamia kwa nguvu zote: umri. Kuna watakaokushawishi upunguze miaka miwili ili akae zaidi kwenye mbio za vijana. Usikubali. Cheti chake cha kuzaliwa cha RITA, vyeti vya shule na pasipoti vikikinzana, siku moja mtu atavilinganisha, na siku hiyo hata ushindi wake wa haki hautaaminika.

Kuhusu baba yake. Ana hoja, na ningependa aisikie kutoka kwa mtu wa riadha. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, na mkimbiaji asiye na cheti kizuri anafungiwa hata hivyo vyuo tulivyovizungumza. Lakini mazoezi niliyoyataja hayazidi saa moja kwa siku, nayo humpa mtoto usingizi mzuri na akili iliyotulia. Pendekezo langu ni wakubaliane kwa maandishi, baba na binti: mwaka wa kidato cha nne ashindane hadi UMISSETA ipite katikati ya mwaka, kisha mashindano yasimame na abaki na mbio nyepesi siku tatu kwa wiki hadi mtihani wa mwisho uishe. Alama zikishuka kabla ya hapo, mazoezi yanapungua. Zikibaki, hakuna wa kumgusa. Baba mwenye mkataba wa namna hiyo hugeuka shabiki, nimeona. Mwambie pia kwamba hapa nyumbani kuna njia inayojulikana: majeshi yetu huajiri wanariadha na kuwapa muda wa mazoezi. Simbu ni askari wa JWTZ. Ikangaa alikuwa ofisa wa jeshi hilo hilo. Ni mshahara wa kila mwezi, bima ya afya na kocha. Kwa familia nyingi za Dar hilo ni jambo la uhakika zaidi kuliko chuo cha ng'ambo, na nalo linataka cheti cha kidato cha nne.

Nimalizie na kombe lenyewe. Nimefurahi shule imemtunuku mbele ya wazazi. Vyeti vingi vya michezo ninavyovipokea mikononi, vizuri vilivyo na nembo ya rangi, vimeandikwa "mshindi wa kwanza, riadha" na basi. Mbio gani? Uwanja gani? Muda gani? Mtoto akija kuombewa nafasi miaka miwili baadaye, karatasi hiyo haisemi kitu. Rudi kwa mwalimu wa michezo umwombe cheti, au barua ya shule tu, yenye mbio aliyokimbia, tarehe, uwanja, muda, nafasi, idadi ya walioshiriki, na kama muda ulichukuliwa kwa saa ya mkono au ya umeme. Iwe na sahihi ya mkuu wa shule na mhuri. Ofisi ya elimu ya wilaya yenu wanaweza kuwapa nakala ya matokeo ya mkoa. Piga picha vyote, uvihifadhi sehemu mbili.

Na ukiwa hapo shuleni, omba jambo jingine kwa niaba yangu. Niliyokueleza kuhusu nyika za Marekani, kwamba anayeshika nafasi ya tano ndani ya timu naye anahesabiwa, tulilete Mbagala. Wapo wasichana watatu wanne wanaoamka naye alfajiri na kumsukuma kwenye mita 200, ambao majina yao hayakusomwa siku ile. Wakiacha mazoezi mwakani, atakimbia peke yake, na anayekimbia peke yake hachukui muda mrefu kabla hajachoka na kuacha. Shule ianzishe cheti cha timu ya nyika, wasichana watano, wapimwe pamoja. Gharama yake ni karatasi tano. Muhula unaofuata ukianza, nenda mapema, kabla ratiba ya michezo haijabandikwa ukutani, na uende na baba yake.